WAWILI WAKISEMA PAMOJA, HAKUNA MWENYE ANASIKIWA

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea na ninyi juu ya kofia, viatu, miwani, vumbi na maji ya kunywa. Leo tutaongea juu ya kitu chenye hakionekani kwa macho: njia yenye habari inapitia. Pengine mutu atauliza: «Jambo hilo linahusu nini watu wa dispanseri?» Linatuhusu sana. Mutu mwenye amevunjika mguu chini ya shimo analetwa kwetu kwa mikono ya wenzake, lakini mbele ya mikono ni sauti ndiyo inakuja. Kama sauti haikufika, ambilansi haitoki.

Tuangalie kazi yetu. Katika shimo kubwa kuko mashofere wa kamyo, watu wa mashini ya kuchimba, makapita, mafundi wa umeme, watu wa baruti, na ambilansi. Wote wanatumia radio, na mara nyingi wote wako katika kanali moja. Midomo ni mingi, njia ni moja. Wawili wakifinya buto saa ile ile, nini inatokea?

Shida hiyo iko hata ndani ya kamyo yenyewe. Katika kamyo kubwa za leo kuko masanduku madogo ya umeme: moja linalinda motere, lingine freni, lingine kubadilisha mwendo, lingine linaonyesha mambo mbele ya macho ya shofere. Masanduku hayo yote yanaongea kwa nsinga mbili tu zenye zinapita kamyo nzima. Nayo pia yanaweza kusema pamoja. Lakini mafundi waliyapa sheria, na sheria hiyo yanaifuata kila sekunde, muchana na usiku, bila kuchoka. Sisi watu tuna akili kuliko sanduku. Basi tuone sheria yao, tuchukue yenye kutufaa.

Sekunde tatu katika ukungu

Siku ya 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, inchi ya Hispania, ndege mbili kubwa za Boeing 747 ziligongana juu ya njia ya kurukia. Moja ilikuwa ya KLM ya Uholanzi, ya pili ilikuwa ya Pan Am ya Marekani. Watu 583 walikufa. Mupaka leo hakuna ajali ya ndege yenye iliua watu wengi kuliko ile.

Ukungu ulikuwa muzito. Mutu wa munara hakuona ndege, na marubani hawakuonana. Walibaki na radio tu, na wote walikuwa katika kanali moja. Ndege ya KLM ilianza kukimbia mbele ya kupewa ruhusa, na rubani wake mumoja akasema hivyo katika radio. Mutu wa munara akajibu kwanza kwa neno la kukubali, kisha akaongeza kwamba wangoje, atawaita. Saa ile ile, watu wa Pan Am wakasema kwamba wao wangali juu ya njia.

Sikilizeni vizuri: maneno hayo mawili, kila moja peke yake lingeweza kuwaokoa. Lakini yalitoka pamoja, yakagongana hewani. Ndani ya ndege ya KLM walisikia lile neno la kukubali, halafu sauti kali kama ya firimbi kwa karibu sekunde tatu. Ndege ikaendelea kukimbia.

Kulikuwa na sababu zingine: ukungu, haraka, uwanja wenye ulijaa ndege, na maneno yenye hayakuwa wazi. Nyuma ya ajali hiyo, watu wa ndege walikaza sheria zao za kusema katika radio. Neno la kuruka linatumiwa tu wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka ao wakati wa kuiondoa, na rubani anarudilia amri yenye amepewa. Walijifunza kwa damu jambo moja lenye sisi tunaweza kujifunza bure: kusema si kusikiwa.

Sheria ya kwanza: ngojea jibu

Mafundi wa ordinatere walikuta shida hiyo pia. Katika mwaka wa 1971, katika visiwa vya Hawaii, mwalimu Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu cha Hawaii waliunganisha mashini za visiwa mbalimbali kwa radio. Visiwa vyote vilitumia kanali moja kwa kutuma habari zao. Sheria yao ilikuwa nyepesi sana. Ukiwa na habari, itume. Kisha ngojea jibu lenye kusema: «Nimepata.» Jibu lisipokuja, ujue kwamba habari yako imegongana na ya mwingine. Basi ngojea kidogo, utume tena.

Lakini ungojee muda gani? Hapa kuko akili. Kama mashini mbili zimegongana, na zote mbili zinangojea sekunde tano, zitasema tena pamoja, na kugongana tena, na tena. Ni kama watu wawili wenye wanakutana katika mulango: huyu anasema «pita wewe», yule anasema «pita wewe», kisha wote wawili wanaingia pamoja na kugongana vichwa. Ndiyo sababu kila mashini inachagua muda wake kama kwa kupiga kura. Moja itangojea kidogo, ingine itangojea zaidi, na njia itafunguka.

Sheria hiyo ilikuwa na ubaya mumoja: hakuna mwenye alisikiliza mbele ya kusema. Watu wa hesabu walipima, wakaona kwamba katika kanali ya namna hiyo, hata mambo yakienda vizuri kabisa, karibu sehemu 18 tu kwa 100 za wakati ndizo zinapitisha habari nzima. Zenye zinabaki zinapotea katika kimya na kugongana. Kumbukeni hesabu hiyo siku yenye kila mutu katika shimo atapiga kelele katika radio bila kusikiliza mwenzake.

Sheria ya pili: sikiliza mbele ya kusema, na sikiliza ukiwa unasema

Katika mwaka wa 1973, Robert Metcalfe, na pamoja naye David Boggs, walitengeneza njia ingine katika nyumba ya uchunguzi ya kompani Xerox, muji wa Palo Alto, Marekani. Waliiita Ethernet. Mashini nyingi zilishika kabule moja nene, na kila moja iliweza kusema kwa yote.

Sheria ilikuwa hivi. Kwanza, sikiliza. Kama mwingine anasema, nyamaza mupaka amalize. Pili, njia ikiwa kimya, sema. Tatu, ukiwa unasema, endelea kusikiliza kabule: kama yenye unasikia si ile yenye unasema, ujue mwingine ameanza pamoja nawe. Kwa nini hilo linatokea hata kama wote wawili walisikiliza? Sababu sauti ya umeme inachukua muda kufika upande wa pili wa kabule. Huyu anasikia kimya wakati yule amekwisha kuanza.

Nne, ukiona kugongana, usimalize maneno yako. Piga alama fupi ya fujo ili wote wajue, kisha nyamaza. Tano, ngojea muda wa kura. Nyuma ya kugongana mara ya kwanza, mashini inachagua kati ya vipande 0 na 1 vya muda. Mara ya pili, kati ya 0 na 3. Mara ya tatu, kati ya 0 na 7. Muda wa kuchagua unaongezeka namna hiyo mupaka 1,023. Maana yake: njia ikiwa na watu wengi, kila mumoja anazidi kuwa mupole. Na mashini ikishindwa mara 16, inaacha, inamujulisha bwana wake kwamba habari haikupita. Haidanganyi kwamba imefika.

Kuko jambo lingine la akili. Katika Ethernet ya mwendo wa milioni 10 za alama kwa sekunde, habari haiwezi kuwa fupi kuliko baiti 64. Kwa nini? Ni juu mashini iwe ingali inasema wakati habari ya kugongana inarudi kutoka mwisho wa kabule. Mwenye anasema neno moja fupi na kukimbia, hawezi kujua kama limegongana.

Leo, katika ofisi nyingi, kila ordinatere iko na nsinga yake yenye inaenda katika sanduku la kugawanya njia, na kugongana kwa namna hiyo kumekwisha. Lakini hewa haigawanyike hivyo. Wi-Fi ingali inagawana hewa moja, na radio ya mukono yenye uko nayo katika kiuno chako vilevile.

Radio ya mukono ni kiziwi wakati unasema

Sasa tusikie hatari yetu. Radio zetu za kawaida haziwezi kusema na kusikiliza kwa wakati mumoja katika kanali ile. Ukifinya buto, masikio ya radio yako yanafungwa. Mwenzako akisema saa ile ile, wewe hujui kabisa.

Zaidi ya hiyo, radio za ndege zinapiga firimbi wakati sauti mbili zinagongana. Angalau mutu anajua kwamba kitu kimeharibika. Radio nyingi za kazi, zile za FM, zina tabia ingine: yenye nguvu inafunika yenye uzaifu. Shofere mwenye yuko karibu na kapita anasikiwa wazi. Mutu mwenye yuko chini kabisa ya shimo, na batri yake inakwisha, anafunikwa bila alama yoyote. Kapita hasikii fujo. Mutu wa chini hajui kwamba hakusikiwa. Mara nyingi katika dispanseri tunasikia neno hili: «Lakini nilisema katika radio!» Ndiyo, ulisema. Nani alikujibu?

Chini ya udongo jambo linazidi. Radio haipite vizuri katika majiwe, ndiyo sababu katika mashimo mengi wanaweka kabule ya pekee yenye inaacha radio itoke kidogo kidogo katika urefu wake wote, kama bomba lenye kuvuja maji. Kabule hiyo ni ya wote. Ukiona imekatika, imefinywa na mashini ao imefunikwa na majiwe, sema siku ile ile. Wenzako wa mbele wanaweza kuwa hawana sauti.

Sheria ya tatu: mwenye damu anapita mbele

Turudie ndani ya kamyo. Kompani Bosch ya Ujerumani ilionyesha mbele ya watu, katika mwaka wa 1986, muji wa Detroit, namna mupya ya kuunganisha masanduku ya motokari. Inaitwa CAN. Leo kamyo kubwa na mashini nyingi za mine zinatumia namna hiyo.

Hapa mafundi hawakutaka kupiga kura. Habari ya freni haiwezi kungojea bahati. Walifanya kama sisi katika dispanseri. Watu ishirini wako katika benchi: huyu anakohoa, yule anataka dawa ya kichwa. Wanaleta mutu mwenye damu inatoka sana. Hatuulizi nani alifika wa kwanza. Mwenye damu anapita, na wengine wanangojea bila kupoteza zamu zao.

Namna gani nsinga inajua nani apite? Fikirini kamba moja ya kengele, kama ile ya zamani katika mashimo, na watu watatu wameishika. Kila habari iko na namba yake ya 0 na 1. Sheria: 0 ni kuvuta kamba, 1 ni kuiachilia. Mumoja akivuta, kamba inashuka kwa wote. Mwenye ameachilia kamba na anaona imeshuka, anajua kwamba kuko mukubwa kuliko yeye, basi ananyamaza.

Tuseme freni iko na namba 001, motere 011, na joto la maji 100. Wanaanza pamoja. Alama ya kwanza: freni inavuta, motere inavuta, joto la maji linaachilia. Kamba imeshuka, joto la maji linanyamaza. Alama ya pili: freni inavuta, motere inaachilia. Kamba imeshuka; motere inanyamaza. Alama ya tatu: freni imebaki peke yake, inaendelea na habari yake mupaka mwisho. Haikurudilia kitu, haikupoteza hata alama moja. Wengine wanangojea amalize, kisha wanajaribu tena. Kugongana kulitokea, lakini hakukuharibu habari ya mukubwa.

Hiyo ni mufano. Namba za kweli ni ndefu zaidi, za alama 11 ao 29. Katika sheria ya kamyo yenye inaitwa J1939, alama tatu za kwanza zinaonyesha haraka ya habari, toka 0 yenye haraka kabisa mupaka 7. Kwa mwendo wa alama 250,000 kwa sekunde, habari moja ya kawaida inapita katika karibu nusu ya sehemu ya elfu ya sekunde. Ndiyo sababu kungojea hakuumizi mutu.

Lakini sheria hiyo iko na sharti. Kama masanduku yote yanachukua namba ya 0, hakuna tena mukubwa, na wadogo hawatasema hata siku moja. Sisi vilevile: mutu mwenye anapiga kelele «haraka! haraka!» kwa kuuliza mutungi wa maji, anaiba njia ya mutu mwenye anakufa.

Sanduku lenye kuharibu linajinyamazisha

CAN iko na sheria ingine nzuri. Kila sanduku linahesabu makosa yake. Kila kosa la kutuma linaongeza 8 katika hesabu; kila habari yenye inapita vizuri inapunguza 1. Hesabu ikipita 255, sanduku lenyewe linajikata katika nsinga, linaacha wenzake waongee. Halingojee kufukuzwa.

Radio ya mukono haina haya ya namna hiyo sikuzote. Buto ikibaki imefinywa chini ya mukanda ao chini ya kiti, radio moja inaziba kanali yote, na mwenye radio hasikii hata watu wanamulalamikia, sababu masikio yake yamefungwa. Basi ujikate mwenyewe: kanali ikinyamaza muda murefu kuliko kawaida, angalia kwanza buto yako.

Na mafundi wa kamyo, neno lenu: nsinga mbili za CAN, mara nyingi moja ya manjano na moja ya kijani, zimefumwa pamoja kwa sababu, na katika kila mwisho kuko kizuizi cha ohmu 120 juu sauti ya umeme isirudi kama mwangwi. Umeme ukizimwa, kati ya nsinga mbili inafaa kupima karibu ohmu 60. Ukikuta 120, mwisho mumoja umekatika. Usifunge nsinga hizo kwa kufinyanga na mukono na kusema «inatosha, inatembea». Itatembea leo, na itanyamaza katika mutelemuko, kamyo ikiwa imejaa.

Yenye tunakuomba ufanye

1. Sikiliza mbele ya kufinya buto. Mwingine akiwa anasema, ngojea amalize.

2. Finya buto, hesabu «moja» ndani ya roho, kisha sema. Mwenye anasema mbele ya radio kufunguka anakata neno lake la kwanza, na neno la kwanza mara nyingi ni jina.

3. Taja jina la mwenye unaita, kisha lako, kisha fasi yenye uko. Sema mufupi. Achilia buto.

4. Ngojea jibu. Mwenye kupokea arudilie amri kwa kinywa chake. «Sawa» peke yake haitoshi: sawa ya nini, na ya nani?

5. Jibu lisipokuja, usifikiri wamekubali. Ngojea kidogo, sema tena. Mukigongana tena, wa kazi ya kawaida angojee zaidi. Ukishindwa mara nyingi, acha radio, tuma mutu ao tumia simu.

6. Ukisikia sauti ya hatari, wote munyamaze, hata kama ulikuwa katikati ya maneno. Kanali ni ya mwenye kuumia na ya wenye wanamusaidia, mupaka musimamizi aseme imefunguka.

7. Radio zingine zinakataa kusema wakati mwingine anasema, zinatoa sauti ya kukataa. Usikasirike, usiipige. Inakufundisha adabu.

8. Karibu na baruti zenye kuwashwa kwa umeme, fuata amri ya mutu wa baruti juu ya radio. Mawimbi ya radio karibu sana yanaweza kuwa hatari.

9. Batri ijae mbele ya kushuka. Radio yenye uzaifu ndiyo inafunikwa ya kwanza.

Fundisheni hayo kwa vijana wapya siku yao ya kwanza, kama vile munawafundisha kuvaa kofia. Makapita nao waonyeshe mufano: kapita mwenye anakatiza wengine katika radio anafundisha kazi nzima kukatizana.

Watumikaji wapendwa, wala sanduku la umeme halifikiri kwamba limesikiwa kwa sababu tu limesema. Linangojea alama. Ninyi pia ngojeeni. Kabla ya kurudisha kamyo nyuma, kabla ya kuwasha umeme wenye mwenzako anatengeneza, kabla ya kuingia fasi ya baruti, neno moja linatosha kukuokoa: lile lenye mwenzako amerudilia.

KIMYA SI NDIYO. SIKILIZA, SEMA, NGOJEA JIBU.